Mjomba, shamba usiliuze

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo wazee wengi wenye karatasi kama yako, nao wameificha. Jina lako silitaji.

Jumapili ulinitolea ile karatasi ya majibu ya kipimo cha tezi dume ndani ya kofia, imekunjwa mara nne. Kidole chako kilisimama kwenye neno moja, saratani, na kahawa ikapoa mbele yako. Mstari wa chini hukuusoma: Gleason 3+3=6, alama ya ukali wa saratani hiyo. Daktari alisema utafuatiliwa kwa karibu, wewe ukasikia tanzia. Sasa hati za shamba ziko mezani, unatafuta mnunuzi ili ukafanyiwe upasuaji India.

Hiyo 6 ndiyo daraja la chini kabisa la saratani ya tezi dume wanaloandika maabara siku hizi. Uingereza walifuatilia wanaume zaidi ya 1,600, wengi wao wenye uvimbe wa daraja hilo. Wapo waliokatwa tezi kwa upasuaji, waliopigwa mionzi, na waliofuatiliwa tu. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa ugonjwa huu walikuwa kama 3 katika kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana. Waliokatwa ndio waliosumbuka zaidi na mkojo kuvuja na nguvu za kiume kupotea. Hilo, Mjomba, wanaokuhimiza uende haraka hawakwambii.

Ndiyo maana mwaka 2022 madaktari kadhaa, Scott Eggener wa Chicago akiwamo, waliandika kwamba uvimbe huu uvuliwe jina la saratani. Si jambo geni: uvimbe fulani wa tezi ya shingo ulivuliwa jina hilo mwaka 2016. Wanaopinga nao wana hoja nzito. Sindano ya kuchukua kipimo cha nyama hunyofoa vinyama vichache tu, na penye 6 panaweza kujificha uvimbe mkali zaidi. Tena mtu akiambiwa si saratani, harudi kupimwa.

Hapo nilikuwaza wewe. Miaka minne ulikuwa ukiamka usiku mara tano kukojoa ukisema ni uzee. Ungeambiwa "kauvimbe tu", tungekuona tena hospitali lini? Huku kwetu wanaume wengi hufika ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa.

Hata hivyo mimi nasema jina libadilishwe. Nimeona lilivyokufanya: usingizi huna, barazani huendi, watoto umeshaanza kuwagawia minazi. Ila jina jipya litoke pamoja na tarehe ya kurudi, imeandikwa kwenye karatasi hiyohiyo, na awepo mtu wa nyumbani anayeijua.

Yako naijua. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ni baada ya miezi mitatu, na kipimo cha nyama kitarudiwa daktari atakaposema. Wakikuta kimebadilika, utatibiwa, na hapo hata shamba tutaliongelea. Nitakuja usiku wa kuamkia siku hiyo, nilale hapo kwako, tutoke na basi la alfajiri. Yule mnunuzi mpigie leo, mwambie haliuzwi.