Wakulima wetu wazee waulizwe

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu juu ya Eric Rolls, mkulima wa Australia aliyefariki mwaka 2007. Hakuwa profesa. Alilima ngano, na mwaka 1981 akachapisha historia ya msitu wa Pilliga, akidai kuwa miti ilisongamana zaidi baada ya walowezi kuingia. Wataalamu wengine walimpinga, lakini hawakuweza kumpuuza.

Hapa Mombasa, wazee wa Kisauni na Likoni wanajua mikoko ilikoishia zamani, na tangu lini kunguru wanawanyakulia vifaranga (ndege hao nao waliletwa na watu, kama sungura wa Australia ambao Rolls aliandika habari zao). Nani anawauliza? Serikali ya kaunti iwatume wanafunzi wakawarekodi, na nakala ziwekwe maktaba ya umma.

Msomaji,
Kisauni, Mombasa