Shukrani kwa fundi wa Luthuli

Kaka uliyevaa jezi ya Gor Mahia, pale ghorofani Luthuli Avenue, Nairobi, jina lako sikulipata. Asante sana.

Laptopu yangu ilikuwa imetoka kupandishwa toleo la mfumo wake endeshi, kutoka Ubuntu 22.04 hadi 24.04, ikawaka na skrini nyeusi yenye maneno “grub rescue” na basi. Fundi mwingine alishaniambia diski imekufa, ninunue mpya. Wewe uliandika ls, amri ya kuorodhesha vilivyomo, ukaona sehemu zote za diski zipo, ukacheka: “Dada, diski ni nzima. GRUB, ile programu ya kuwashia mfumo, ndiyo imepotea njia.”

Ukachomeka flashi yenye Ubuntu, ukaiwasha mashine kutoka humo, ukaunganisha sehemu ya mfumo na ile ndogo ya EFI yenye faili za kuwashia (wengi huisahau, ulisema), ukaingia ndani ya mfumo wangu kwa amri ya chroot, kisha ukairudisha GRUB kwa grub-install na update-grub. Kila amri ulinieleza kabla ya kubonyeza, huku matatu zikipiga honi huko chini. Hakuna faili hata moja lililopotea. Tasnifu yangu yote ilikuwa humo, jamani!

Pesa ulikataa, ukakubali chai na mandazi tu. Mungu akuzidishie wateja, na wawe wa kulipa.