Nisimulie maziko ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Wasalimie wote nyumbani, na Mama mwambie namwombea kila usiku.

Miezi minne imepita tangu Baba atutoke, na moyo wangu bado haujaamini. Juzi nilipata habari njema kazini, nikachukua simu nimpigie yeye kwanza, kama nilivyozoea. Namba nimeshaibonyeza ndipo nikakumbuka. Ninyi mlimwona amelala, mkamsindikiza hadi kaburini. Mimi niliambiwa kwa simu, na kesho yake nikaamka nikaenda kazini.

Mwenzangu mmoja hapa alinieleza kuwa majonzi yana hatua tano, nikivumilia nitaifikia ile ya kukubali. Nikasoma, nikakuta kwamba hatua hizo daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanaelekea kufa, si na wafiwa. Nilishusha pumzi, maana nilishaanza kudhani sijui hata kulia. Yaliyonifaa zaidi ni ya Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walioandika mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara anamlilia marehemu, mara anashughulikia maisha yaliyobaki, na kupumzika kulia ni sehemu ya msiba wenyewe. Ndivyo nilivyo. Mchana nacheka na watu; jioni nikifungua mlango, chumba kimya, magoti yanaisha nguvu.

Sasa dada, nina ombi. Kila nikikuuliza siku ile ilikuwaje, unajibu "tulimaliza salama," kisha unageuza mazungumzo. Najua unanionea huruma. Lakini ninayoyawaza peke yangu gizani yananitesa kuliko ukweli wowote. Nieleze usiku wake wa mwisho, alimwita nani, mlimvisha nini, nani alishindwa kujizuia pale kaburini. Kama aliniulizia, niambie. Kama hakuniulizia, niambie vilevile.

Wala usiyasome haya kama lawama. Wewe ulibeba mzigo wako na wangu, na kila mtu alikuwa anauliza hali ya Mama tu, hata mimi. Wewe je, unalala? Unakula?

Niandikie watoto wakishalala. Ukichoka, ishia hapo ulipofika unitumie, iliyobaki utaandika siku nyingine.

Mdogo wako akupendaye