Basi lililojaa na gari dogo, lipi litaserereka mbali zaidi?

Rafiki yangu Mwajuma,

Salamu nyingi. Huku wazima wote, hofu kwenu. Nimefurahi kusikia mdogo wako amepata leseni ya basi, na swali ulilouliza nimelikalia jioni yote: je, basi lililojaa huserereka mbali zaidi kuliko gari dogo?

Tuanze na gari la kilo 1,000 kwenye lami kavu, tambarare. Zidisha kwa 9.8, uzito wake ni niutoni 9,800 (niutoni ni kipimo cha kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta), na lami inalibeba kwa kani hiyohiyo. Magurudumu yakijifunga, msuguano ni kani hiyo mara kizigeu cha msuguano, yaani namba inayoonyesha tairi linavyoshika barabara; kwa mpira na lami kavu tuseme 0.7. Unapata niutoni 6,860. Newton anasema gawa kani kwa tungamo, yaani zile kilo: mwendo unapungua kwa mita 6.86 kwa sekunde, kila sekunde. Basi la kilo 10,000 je? Msuguano ni niutoni 68,600, ukigawa kwa 10,000 unapata 6.86 ileile. Tungamo limejifuta! Mpaka leo jambo hili linanifurahisha. (Kanuni ya kwamba msuguano hufuata mgandamizo si ya Newton, aliieleza Mfaransa Guillaume Amontons mwaka 1699.)

Umbali wa kuserereka ni kasi mara kasi, gawa kwa mara mbili ya hiyo 6.86. Kwa kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde, ni mita 36. Kwa 40 ni mita 9 tu. Mvua ikinyesha na kizigeu kikashuka hadi 0.4, zile 36 zinakuwa 63. Na bado hujahesabu sekunde moja ya dereva kushtuka, ambayo kwa kasi hiyo ni mita 22 nyingine.

Ila hesabu hii ni ya tairi na lami peke yake. Breki za basi zito zinameza joto jingi zaidi, na kwenye mteremko kama Kitonga sehemu ya uzito inalivuta gari mbele wakati msuguano unalirudisha nyuma. Breki zikichemka zinaacha kukamata, na hapo ndipo mzigo unapodai haki yake. Mwambie ashuke kwa gia nzito, yaani ya namba ndogo, tangu juu, asingoje katikati ya mteremko, na mvua ikianza apunguze mwendo kabla ya kuona kizuizi.

Nipigie akianza safari. Msalimie mama.

Wako,
Zuhura