Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Horatius na Wale wa Mashoka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi wetu wapendwa na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa Klabu ya Historia tunakukaribisha shuleni kwetu. Kukubali kwako mwaliko wetu kumetupa moyo sana.

Mgeni Rasmi, punde utatazama igizo letu la Horatius Cocles, shujaa wa Roma ya kale. Tunaomba tukueleze kwa nini tumemchagua.

Mapokeo ya Warumi yanasema kuwa mwaka 508 KK, muda mfupi baada ya Warumi kumfukuza mfalme wao Tarquinius, Lars Porsena, mfalme wa mji wa Clusium, aliwajia na jeshi. Kilima cha Janiculum kilitekwa ghafla. Askari wa Roma wakatupa silaha na kukimbilia Pons Sublicius, daraja la mbao juu ya mto Tiber. Horatius alikuwa zamu hapo. Akawashika mmoja mmoja, akiwaambia kukimbia hakutawafaa kitu kama daraja litabaki, maana adui naye atavuka. Walikate, walichome, walivunje kwa njia yoyote. Yeye atawazuia adui.

Akaenda kusimama mwanzo wa daraja, upande wa adui. Spurius Lartius na Titus Herminius waliona haya kumwacha, wakasimama naye. Zilipobaki mbao chache, wakataji wakawaita warudi. Horatius akawalazimisha wenzake wavuke, akabaki peke yake, ngao imejaa mikuki. Daraja lilipoporomoka kwa kishindo, akamwomba Baba Tiber, mungu wa mto huo, ampokee, akajitosa na silaha zake.

Livius, mwanahistoria wa Kirumi, anasema aliogelea akatoka salama. Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyemtangulia, anasema alifia mtoni. Tumebishana juu ya hilo kikao kizima. Livius mwenyewe anakiri kuwa tendo lile lingepata sifa nyingi kuliko watu wa kuliamini, na sisi tunajua masimulizi haya yaliandikwa karne nyingi baadaye.

Lakini Mgeni Rasmi, waliotugusa zaidi ni wale wa mashoka. Hakuna aliyeandika jina la hata mmoja wao. Ni walewale waliokuwa wakikimbia muda mfupi kabla! Pliny, mwandishi wa Kirumi, anaandika kuwa daraja lilivunjika kwa tabu, na ndiyo maana baadaye lilijengwa bila misumari ya chuma. Kila pigo lililochelewa lilikuwa mkuki mwingine kwa Horatius.

Mwenzetu wa Kidato cha Kwanza aliyepewa nafasi ya mkataji alisikitika, kwa kuwa hana neno la kusema. Siku ya mazoezi alishika shoka lake la mbao, na baada ya kila pigo akainua macho kuutazama mgongo wa Horatius. Hatukumfundisha. Tangu siku hiyo tumewaweka wakataji mbele ya jukwaa.

Roma ilimpa Horatius sanamu, na shamba la ukubwa wa alichoweza kuzungushia jembe la kukokotwa kwa siku moja. Tena, ingawa mji ulikuwa na upungufu wa chakula, kila mtu alijinyima akampa sehemu ya akiba yake. Sisi tunaipenda zawadi hii ya chakula kuliko ile sanamu.

Mgeni Rasmi, klabu yetu ina changamoto. Vitabu vya historia ya kale hatuna vya kutosha. Kimoja husomwa na watu sita kwa zamu. Ramani yetu tumeichora wenyewe kwenye karatasi za mifuko ya saruji, na mto Tiber umeanza kufutika. Tunakuomba utusaidie kupata vitabu na ramani ya ukutani.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza. Wakataji wako tayari; kwa ruhusa yako, igizo lianze.

Tunaomba kuwasilisha.