Mama, Shelisheli siyo bichi tu

Shikamoo mama, shikamoo baba, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Mi mzima, kazi inaenda.

Mama juzi uliniuliza huku pakoje na kama we na dada mnaweza kuja, bando likakata, sasa nakuandikia. Kaka anayesema huku ni kwa wazungu wa fungate tu mwambie aache hizo. Kwanza nchi ndogo mno, visiwa vipo 115 ila watu karibu wote wamejazana kwenye vitatu, Mahé, Praslin na La Digue ambako wengi wanaenda kwa baiskeli. Victoria ndo mji mkuu, unauzunguka kwa miguu ukamaliza hata jasho halijakutoka vizuri.

Sokoni hapo ndo ungepapenda. Samaki wabichi wanang'aa, kolekole, mzia, na wale ndege yangeyange wamesimama juu ya meza kabisa wanasubiri matumbo, muuza samaki anakata huku anawasukuma kwa kiwiko, hawaondoki ng'o! Samaki afadhali, ila vingine vingi vinakuja kwa meli kwa hiyo bei mama, rupia zinayeyuka, ukija tutapika nyumbani.

Halafu watu wenyewe ni wetu. Zamani hapakuwa na mtu, Wafaransa ndo walianza kukaa 1770 na kuleta watumwa, wengi kutoka Afrika Mashariki na Madagaska, leo wanaongea Krioli, lugha yao iliyotokana na Kifaransa, lakini yale matunda ya shelisheli na ndizi wanazipika kwa nazi vilevile, wanaita ladob, wanatia vanila na kungumanga. Waingereza nao walipachukua wakapageuza pa kutupia wafalme waliowasumbua, Kabaka Mwanga wa Buganda alifia huku 1903, hata Sayyid Khalid, yule aliyejitangaza sultani wa Zanzibar, walimleta. Baba utapenda hizo stori.

Praslin lazima twende, kuna msitu wa Vallée de Mai wenye ile minazi ya ajabu, coco de mer, nazi moja inaweza kupita kilo 20, ndo mbegu nzito kuliko zote duniani na inachukua kama miaka sita mpaka saba kukomaa. Zamani zilikuwa zinaelea mpaka Maldivi watu wakadhani zinaota chini ya bahari. Kiingilio ghali kusema kweli, ila hapo sijutii. Kuinunua nazi yenyewe lazima upewe na cheti chake, bila hicho uwanja wa ndege wanakunyang'anya.

Ila msije wakati wa kusi, ule upepo mkali wa kusini, mwezi wa sita mpaka wa nane, boti ya Praslin inarusha watu hadi matumbo yanapanda shingoni na dada namjua, hata daladala inamtapisha. Mwezi wa nne au wa kumi bahari inatulia.

Viza hamhitaji, mnajaza kibali mtandaoni kabla ya kupanda ndege, ntawajazia mimi, nitumieni picha za paspoti. Na mama tafadhali, usinifungie maembe kwenye begi, matunda wanakamata.