Saa nzima duka la korosho, Chingulia tukampita dirishani

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Barua yangu ni ya mambo ya meli za kitalii na naomba usinikatie njiani, maana neno langu kwa madereva wenzangu wa Mombasa liko huko chini.

Mimi nimeendesha gari la watalii hapa Mombasa miaka ishirini na mbili mpaka mgongo ukakataa. Kila kaskazi meli zikifunga gati Kilindini sisi tulikuwa tushapanga magari toka alfajiri, tunangoja wazee wa kizungu washuke na kofia zao na chupa zao za maji, twende Fort Jesus, twende Haller Park, tupite chini ya Pembe za Ndovu wapige picha, turudi. Sikuwahi hata siku moja kufikiria kuwa iko siku mimi ndiye ntakayeshuka ngazi na stika ya namba kifuani.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilimpeleka mke wangu Mumbai kutibiwa jicho, operesheni ikaenda vizuri alhamdulillahi, daktari akasema mrudi baada ya siku kumi niangalie tena. Sasa siku kumi Mumbai mtu unafanya nini? Chumba cha hoteli kama kabati, nje honi usiku na mchana. Jumatatu tukasema twende tukatembee, tukafika pale Gateway of India, lile lango kubwa la mawe la baharini lililomalizwa 1924, nia yetu tupande boti twende kisiwa cha Elephanta tukaone mapango. Kumbe Jumatatu mapango yanafungwa! Hakuna aliyetuambia, si hoteli si dereva wa teksi, tumesimama pale juani na miwani myeusi ya Mama Fatma mpaka muuza chai akatuhurumia. Likumbukeni hilo la Jumatatu, ntalirudia.

Binti yetu yuko Muscat, aliposikia akasema Baba nyinyi mtaugua upya humo chumbani, kuna meli inatoka Mumbai Alhamisi inapita Goa na Kochi inarudi, usiku nne, nshalipa. Ishalipwa utasema nini. Daktari akaruhusu, mradi mama asiingie bwawa la kuogelea, na kama mnamjua Mama Fatma mnajua hiyo shida haikuwepo.

Meli yenyewe siitaji jina na sina ugomvi nayo, chakula kizuri, vitanda safi, watu wake wana adabu. Ugomvi wangu ni ile kaunta ya matembezi. Kila bandari wana ziara zao wanakuuzia, basi, mwongozaji, tikiti za kuingilia, na bei ya watu wawili ilinifanya nivue miwani nisome tena. Lakini Goa nililipa, na niseme kwa nini ili mtu asiponde pesa bure wala asijitie ujanja usiofaa. Meli Goa inafunga Mormugao, bandari iliyoshikana na mji unaoitwa Vasco da Gama (ndiyo, huyo huyo mwenye nguzo pale Malindi), na Goa ya Kale yenye makanisa iko mbali, kama kilomita thelathini. Ukienda na basi la meli likakwama kwenye foleni, meli itawangoja. Ukienda na teksi yako ukakwama, utaiona meli ikitoka na masanduku yako. Hiyo sheria ni dunia nzima, hata Kilindini ni hivyo hivyo.

Basi tukapanda, watu arobaini na kitu, mwongozaji kijana mchangamfu ana kipaza sauti. Mimi kwa mazoea ya kazi nikawa naangalia saa. Basilika ya Bom Jesus, kanisa la mawe mekundu lililomalizwa 1605, ambamo umewekwa mwili wa Francis Xavier: dakika ishirini na tano. Na huyo padri akielekea Goa mwaka 1542 alipita Malindi yetu, jambo ambalo kijana hakulisema na simlaumu, si la kwao. Kanisa kuu la Sé liko ng'ambo ya barabara tu: dakika kumi, nyingi zimeliwa na foleni ya choo.

Alafu basi likaondoka, na upande wa kushoto nikauona mnara. Mnara mrefu umebaki nusu, mwekundu, umesimama peke yake juu ya kilima kama jino. Kijana akasema kwenye kipaza sauti huo ni mnara wa Mtakatifu Augustino, ni magofu, na huku basi linakwenda.

Mhariri, mimi moyo ulinipiga. Maana ile hadithi nimewasomea watalii miaka ishirini na mbili pale Fort Jesus mpaka naiota. Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani wa Mombasa, baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, mtoto wakamchukua wakampeleka Goa akalelewa na mapadri wa Augustino, wakambatiza wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao mtiifu. 1631 akawageuka. Akaingia ngomeni, akamuua kapteni wao, na Fort Jesus ikawa mkononi mwake. Sasa hao mapadri waliomlea ndio wenye konventi ile, yaani makao yao ya utawa, ambayo leo ni kuta zisizo na paa na nusu ya mnara! Hata ile Fort Jesus yenyewe, iliyoanzwa 1593, ramani yake aliichora Mtaliana Cairati aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno wa Goa, na Waomani walipoizingira mpaka wakaitwaa 1698, meli za kuiokoa zilikuwa zikitoka huko huko. Yaani mimi nilikuwa mlangoni kwa wale waliokuwa wakiamuru mji wangu.

Nikanyoosha mkono nikamwuliza kijana, tunaweza kusimama dakika kumi? Akanijibu kwa heshima kabisa, uncle, haimo kwenye ratiba.

Unajua kilichokuwemo kwenye ratiba? Duka la korosho. Dakika hamsini na tano, nimezihesabu. Duka lina kiyoyozi, wametupanga viti, wametupa vikombe vidogo tuonje korosho za chumvi, za pilipili, za vitunguu saumu, na maelezo marefu ya jinsi Wareno walivyouleta mkorosho kutoka Brazil. Mimi ni mtu wa pwani, mama yangu mzaa mama alikuwa akikaanga korosho Kilifi kwenye debe moshi unamtoa machozi, na hapo sijamgusa Mmakonde wa Mtwara ambaye korosho zake ghafi zinapakiwa meli kila msimu kwenda huko huko India zikabanguliwe. Mama Fatma akaninong'oneza, Baba Fatma, tumelipa pesa yote ile kuja kuonyeshwa korosho?

Nilitaka nikasirike nikashindwa, wallahi. Kwa sababu nilimwona kijana anaelekea kaunta ya nyuma, amepewa kijikaratasi, amekitia mfukoni haraka bila kuangalia. Ule mkono naujua. Ule mkono ulikuwa wangu. Ni mara ngapi nimewapeleka watu duka la vinyago nikawaacha saa nzima, alafu Fort Jesus nusu saa mbio mbio? Kuna mzee mmoja wa Kidachi, miaka mingi nyuma, aliganda mbele ya ile michoro ya meli waliyochora mabaharia Wareno ukutani, akaniomba dakika kumi zaidi, na mimi nikamwonyesha saa yangu. Hivi, nikaigonga kwa kidole. Duka lilikuwa linanisubiri na kamisheni yangu ya asilimia kumi. Huyo mzee sijui kama yu hai, lakini pale Goa nimemkumbuka mpaka uso.

Kochi sikulipa tena. Kule meli inafunga kisiwa cha Willingdon, kisiwa ambacho watu wamekitengeneza kwa mchanga waliochimba bandarini zama za Mwingereza, na Fort Kochi iko karibu, unavuka daraja tu. Tulifika Jumamosi saa saba mchana, meli inaondoka saa nne usiku. Nje ya geti tuktuk zimejaa, wao wanaziita auto, nikaelewana na mzee mmoja rupia mia nane mpaka jioni. Kabla hatujaondoka akaniambia mwenyewe kwa Kiingereza chake cha vipande: bwana, duka moja, dakika tano, wewe usinunue kitu, mimi napata kuponi ya petroli. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia twende. Mtu akikwambia ukweli mwanzo roho inatulia, hata hizo dakika tano unampa kwa moyo.

Akatupeleka kwanza kanisa la Mtakatifu Francis. Humo ndimo alimozikwa Vasco da Gama, alifia Kochi mkesha wa Krismasi 1524, na mwaka 1539 wakamtoa wakampeleka Ureno, limebaki jiwe la kaburi limezungushiwa vyuma. Huyu mtu 1498 sultani wa Malindi alimpa rubani wa kumvusha, wakakata bahari siku ishirini na tatu kufika pwani hiyo. Nilisimama pale muda mrefu, hakuna aliyenigongea saa. Juu ya viti vya kanisa kuna vitambaa virefu vinaning'inia kwenye mbao, feni za zamani, kamba zake zinatoka nje ambako mtu alikuwa anakaa anavuta wenzake wapate upepo. Huyo mvutaji Waingereza walimwita punkah boy, na mimi papo hapo nikasema basi pangaboi letu limezaliwa humu. Mama Fatma anasema nimejitungia. Huenda.

Mattancherry, mtaa wa jirani na Fort Kochi, ndiko nilikokutana na ile Jumatatu ya Elephanta kwa sura nyingine. Sinagogi ya Paradesi, ya 1568, Jumamosi haifunguliwi kwa wageni, ni sabato yao, ni haki yao. Kasri ya Mattancherry nayo hufungwa Ijumaa, lakini siku ile ilikuwa wazi, tukaingia tukaona kuta zimechorwa Ramayana, ile hadithi ya kale ya Wahindu, chumba kizima. Sasa jamaa wa Pune tuliokuwa nao meza moja melini, wao walinunua ziara ya meli, na karatasi yao imeandika sinagogi! Wameuziwa mlango uliofungwa. Usiku mezani walikuwa wanaongea na uma tu.

Dukani kwa zile dakika tano, muuzaji akanifunulia mtungi wa karafuu, akasema hizi za hapa hapa Kerala, bora duniani. Nikachukua moja nikaiminya kwa ukucha, mafuta yakatoka, nikampa Mama Fatma anuse, yeye kwao Wete, Pemba, kwenye karafuu. Akanusa, akamtazama yule bwana juu ya miwani yake myeusi, akasema Zanzibar? Bwana akatabasamu kidogo, akasema madam, zingine, ndiyo, zingine Zanzibar. Hatukununua, lakini tuliagana vizuri.

Nikaswali alasiri, jua likianza kulala tukaenda kwenye zile nyavu za kichina. Picha zake mnazijua lakini picha haikupi ule mlio. Ni magogo makubwa yamefungwa kama mkono wa kreni, wavu unaning'inia mbele, nyuma kamba zenye mawe makubwa ya kusawazisha uzito, mawe yanagongana yakipanda na kushuka. Watu kama watano wanavuta, wamevaa mundu, yaani kikoi tu. Mzee mmoja akaniita, nikashika kamba nikavuta nao, na mgongo huu huu! Wavu ukaja juu unachuruzika maji, ndani vidagaa kama kiganja kimoja na kaa wawili. Nikawapa chochote. Tulikaa mpaka maghribi na zile saa mbili hatukuuziwa na mtu.

Sasa wenzangu wa Kilindini. Sisemi mwache kamisheni, najua mishahara ya van, najua karo za shule. Lakini mwambieni mgeni toka getini, kama yule mzee wa auto, kuna duka na ni dakika kumi. Ziara ya Mji wa Kale isiwe kupita, mpeni mtu nafasi akae hata barazani anywe kahawa. Na nyinyi mnaouza ziara, angalieni siku kabla ya kuchapa karatasi, msimu mwema uko njiani na mambo haya hayahitaji bajeti.

Na ombi la mwisho kwa Makavazi ya Kitaifa. Wenzenu wa India wanayatunza vizuri yale magofu ya Augustino, waandikieni, waweke kibao kimoja tu kuwa hapa mapadri walimlea mfalme wa Mombasa. Labda siku moja basi litasimama.

Picha niliyoipiga dirishani ninayo. Mnara umetoka umeinama, na kwenye kioo anaonekana Mama Fatma na miwani yake anauliza kama tumefika. Mhariri ukiitaka ntakutumia.

Dereva mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa